Kengele ya Kongowea na Daftari la Nashik

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Methali hii naijua vyema, kwa maana nimeifundisha kwa muda wa miaka 28, na nimeitungia maswali ya mtihani mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mwalimu wa Kiswahili akikosa la kuwapa wanafunzi Ijumaa mchana, methali hii humwokoa. Lakini ilifika siku moja ikanisuta mimi mwenyewe niliyeifundisha, na mpaka leo haijaniacha. Habari hiyo ndiyo ninayotaka kuwasimulia walimu wenzangu, pamoja na wanafunzi wanaopitisha macho katika ukurasa huu.

Ilikuwa mwaka 1993. Nilikuwa nikifundisha darasa la saba katika shule moja upande wa Kisauni, mwendo mfupi kutoka Kongowea. Niliandika ubaoni kichwa cha insha: "Mila na desturi za kwetu." Wanafunzi wakainama juu ya madawati yao. Msichana wa Kigiriama aliandika juu ya kaya na wazee wake. Mwana wa Mji wa Kale akaeleza maulidi na harusi za Kiswahili. Mtaita akaandika habari za Wataita, na Mjaluo akaandika za Wajaluo, kila mmoja akijivunia kwao. Kijana mmoja, mpole na mwenye hati nzuri, akaniletea karatasi yenye sentensi nne tu. Aliandika hivi: "Babu yangu alisema sisi ni Wamisheni wa Frere Town. Babu ya babu yangu aliletwa na meli. Hatujui alikotoka. Kwa hivyo sisi hatuna mila."

Nikachukua kalamu nyekundu. Nikaandika chini yake, "Hujajibu swali," nikampa alama 4 kati ya 40. Kijana yule akaitazama karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakulalamika. Mimi nami nikaendelea na karatasi iliyofuata, nisijue kwamba katika darasa lile zima hapakuwa na mtoto aliyekuwa amelijibu swali langu kwa ukweli kuliko yeye.

Msomaji asiyeijua Kongowea huenda akadhani kwamba ni soko tu. Na kwa hakika, atokaye kisiwani akavuka daraja la Nyali hupokewa na soko hilo kabla hajapokewa na chochote kingine: malori ya viazi na vitunguu kutoka bara, mikokoteni inayosukumwa na vijana wenye vifua wazi, kina mama wenye mafungu ya mchicha, na utingo wa matatu wanaopaza sauti, "Kengeleni! Kengeleni!" Maelfu ya watu huteremka hapo kila siku. Wachache sana huinua macho kuitazama kengele iliyoipa stesheni hiyo jina. Imening'inia pale kando ya barabara kuu iendayo Malindi, na watu hupita chini yake kama wapitavyo chini ya mwembe usiozaa.

Mimi pia nilipita hivyo kwa miaka mingi. Ni ile karatasi ya sentensi nne iliyonifanya nisimame. Nilianza kuulizauliza na kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo njia ilivyozidi kunipeleka mbali na Kongowea, ikavuka bahari, ikanifikisha katika mji mmoja wa mahekalu huko India. Jina lake ni Nashik. Katika vitabu vya zamani huandikwa Nasik.

Nashik uko katika jimbo la Maharashtra, kando ya mto Godavari, ambao Wahindu huuhesabu miongoni mwa mito yao mitakatifu. Siku hizi umekuwa jiji la viwanda na mashamba ya zabibu, lakini katika karne ya 19 ulikuwa mji wa wastani, ulioishi kwa mahekalu yake na kwa mahujaji wake. Wahindu huamini kwamba Rama, mfalme mtukufu anayesimuliwa katika utenzi wa Ramayana, aliishi uhamishoni mahali hapo, katika kitongoji kiitwacho Panchavati, pamoja na mkewe Sita na nduguye Lakshmana. Hata jina la mji lina kisa chake: inasimuliwa kwamba hapo ndipo Lakshmana alipomkata pua jini mmoja wa kike, na katika Kisanskriti pua ni nasika. Kuna ngazi za mawe zinazoshuka mtoni, kuna birika la Ramkund ambamo mahujaji huoga, na kuna hekalu la Kalaram, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 18 kwa mawe meusi, ambamo sanamu ya Rama nayo ni nyeusi. Kila baada ya miaka 12 mamilioni ya watu hukusanyika hapo na katika mji mdogo wa jirani, Trimbakeshwar, liliko chimbuko la mto, ili waoge kwa pamoja katika ibada iitwayo Kumbh Mela.

Lakini jambo lililonigusa zaidi si mawe wala mto. Ni daftari. Katika miji hiyo ya hija kuna makuhani wa ukoo ambao kazi yao ni kutunza nasaba za watu. Hujaji afikapo, humwuliza jina la baba yake, la babu yake na la kijiji chake, kisha kuhani hufungua daftari refu la kale na kumwonyesha majina ya wazee wake waliofika hapo kabla yake. Naye hujiandikisha, akawaandikisha na watoto wake. Mtu anaweza kufika Nashik akiwa hajui babu ya babu yake aliitwa nani, akaondoka akiwa anajua. Mji ule, tunaweza kusema, ni ghala la majina.

Sasa, msomaji, hebu zingatia ajabu hii. Nje kidogo ya mji huohuo, ambao kazi yake ilikuwa kuhifadhi majina ya mababu, palikuwa na kijiji kilichojaa watoto wa Kiafrika ambao hakuna aliyejua mababu zao. Kijiji hicho kiliitwa Sharanpur, maana yake mji wa makimbilio. Kilianzishwa katika miaka ya 1850 na mmishonari Mwingereza, William Salter Price, wa chama cha Church Missionary Society.

Watoto hao walifikaje huko? Katika karne ya 19 manowari za Kiingereza zilikuwa zikiyasaka majahazi ya watumwa katika bahari yetu. Jahazi likikamatwa, waliokuwamo hawakuweza kurudishwa makwao. Wengi walikuwa watoto waliotekwa mbali barani, wasioweza kueleza njia ya kurudi. Basi wakapelekwa Aden, au Shelisheli, au Bombay. Baadhi ya waliofika Bombay walipelekwa Sharanpur. Huko wakafundishwa kusoma na kuandika, useremala na uhunzi. Wakajifunza lugha za huko pamoja na Kiingereza. Wakabatizwa, wakapewa majina ambayo hayakuwa ya Kiyao wala ya Kimakua, wala ya Kihindi: Jones, Semler, David, Wainwright, Wellington. Mtoto alitolewa katika jahazi akiwa na jina alilopewa na mama yake, akaondoka Nashik akiwa na jina la mtu wa Uingereza ambaye hakupata kumwona. Daftari za makuhani zilikuwa karibu naye, ng'ambo ya mashamba, lakini hazikuwa na ukurasa wake.

Wengine kati ya vijana hawa wameingia katika historia ya dunia, ingawa kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1872 baadhi yao walipelekwa kumsaidia David Livingstone. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, mnamo Mei 1873, watumishi wake Susi na Chuma waliongoza msafara uliobeba maiti yake hadi pwani. Aliyesoma maombi ya maziko ya moyo wake chini ya mti, na kuchonga jina lake katika mti huo, ni kijana wa Nashik, Jacob Wainwright. Ndiye pia aliyesafiri na jeneza hadi London, akawa miongoni mwa walioshika pembe za sanda ya jeneza katika kanisa la Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Mwenzake, Matthew Wellington, aliishi Mombasa hadi uzeeni na akafia hapa mwaka 1935. Vitabu tulivyosomeshwa vilimtaja Livingstone kwa kurasa nyingi. Wainwright hakupata hata mstari.

Tangu mwaka 1864 wachache kati ya hao, wakiwamo William Jones, Ishmael Semler na George David, walikuwa wamekwisha kufika Rabai kufanya kazi ya ualimu na uinjilisti. Kisha ukaja mkataba wa mwaka 1873, ambao Sir Bartle Frere, aliyewahi kuwa gavana wa Bombay, alikuja kuujadili na Sultani Barghash wa Unguja ili kukomesha biashara ya watumwa baharini. Price, yule wa Sharanpur, akatumwa Mombasa kutafuta mahali pa kuwaweka watakaookolewa. Mwaka 1875 ikanunuliwa ardhi huku Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, ikaitwa Frere Town. Waafrika wa Bombay, kama walivyoitwa, ndio waliokuwa walimu, mafundi na wakalimani wa mji huo mpya. Manowari ziliposhusha watu waliotolewa katika majahazi, waliowapokea pwani walikuwa watu waliowahi kushushwa vivyo hivyo katika bandari ya ugenini. Na kengele ikatundikwa, ambayo inasimuliwa kuwa ilipigwa kuwatahadharisha wanakijiji waonapo majahazi ya watekaji yakikaribia. Huo ndio mwanzo wa Kengeleni.

Sisemi kwamba historia ya Kongowea ilianzia hapo, la hasha. Kongowea ni jina la kale mno. Mapokeo ya Mombasa yanatuambia kwamba ndilo lililokuwa jina la mji wa Mwana Mkisi, malkia aliyetangulia kabla ya Shehe Mvita. Kabla ya Frere Town, mwaka 1844, Johann Ludwig Krapf alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga upande huuhuu wa bara. Na hata aliye sokoni leo, asiyejua chochote juu ya Nashik, hutamka maneno ya India kila saa: gari, gunia, laki. Kongowea ni tabaka juu ya tabaka. Ninalosema ni kwamba tabaka moja tumeliacha lifunikwe na maganda ya ndizi, kwa kuwa wenyewe hawakuwa na ukoo mkubwa wa kuwapigia zumari.

Najua yako mambo ambayo wenzangu watanijibu. Watasema: huo ni urithi wa wamishonari, si wetu. Watasema kwamba Frere Town haikuwa pepo. Wana haki ya kusema hivyo. Wakazi wake walitawaliwa kwa mkono mzito, na adhabu ya viboko ilizidi kiasi kwamba mnamo mwaka 1881 ilibidi uchunguzi ufanywe. Waafrika wa Bombay wenyewe, waliokuwa na elimu, mara nyingi waliwekwa chini ya Wazungu waliowazidi kwa rangi tu. Haya yote ni kweli, na yafundishwe. Lakini urithi haukomi kuwa wetu kwa sababu una machungu ndani yake. Mwaka 1885 William Jones na Ishmael Semler walitawazwa kuwa mashemasi hapohapo Frere Town na Askofu James Hannington. Miezi michache baadaye Hannington aliuawa huko Busoga, na ni huyo Jones aliyewakusanya wapagazi waliosalia na kuwarudisha pwani. Mtu aliyeuzwa utotoni aliaminiwa roho za watu, naye akazifikisha nyumbani. Kama hiyo si sehemu ya mila zetu, sijui mila ni nini.

Wala tusiutukuze mji wa mahekalu kupita kiasi. Daftari za Nashik ziliwatunza wengi, lakini mlango wa hekalu la Kalaram ulifungwa kwa wale walioitwa wasioguswa. Tarehe 2 Machi 1930 Dakta B. R. Ambedkar aliongoza maelfu yao kudai haki ya kuingia, na mapambano hayo yakaendelea kwa miaka kadhaa. Kumbe hata mahali penye urithi mkubwa panaweza kuwa na watu wanaoambiwa kwamba urithi huo si wao. Hilo ndilo lililonirudisha kwenye kalamu yangu nyekundu. Mimi nami nilikuwa bawabu. Nilisimama mlangoni pa neno "mila", nikamwambia mtoto wa Frere Town asiingie.

Hapo ndipo nilipoielewa methali yetu upya. Mwacha mila ni mtumwa, ndiyo. Lakini mtumwa hakuacha mila. Aliporwa. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyetupa jembe lake na mtu aliyenyang'anywa. Wazee wa Frere Town walikuja mikono mitupu, wengi wao wasielewane lugha, wakajenga nyumba, wakaoana, wakafundisha, wakazika wafu wao, wakakaa pamoja chini ya kengele moja mpaka wakawa jamii. Hiyo ni mila, tena ni mila iliyoanzishwa na watu ambao wakati wao tunaujua na kazi zao tunazijua. Ikiwa yuko anayeacha mila hapa, ni sisi tunaopita Kengeleni kila siku bila kuuliza kengele ilikuwa ya nini.

Miaka michache iliyopita nilikwenda soko la Kongowea kununua vitunguu. Mtu wa makamo, mwenye aproni ya turubai na kalamu sikioni, aliacha mizani yake akanijia. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia marahaba, nisimtambue. Akanitajia jina lake, na papo hapo nikaiona ile karatasi. Nikamwomba tukae kidogo. Tulikaa juu ya magunia, nikamsimulia niliyoyasoma, habari za Sharanpur, za Jacob Wainwright, za kengele. Kisha nikamwomba radhi kwa zile alama 4.

Akacheka sana. "Mwalimu, alama zile zimeoza zamani kama nyanya za juzi." Halafu akanyamaza, akawa anachezea kamba ya gunia. "Lakini babu alikuwa akitutajia mji wa Nasiki," akasema. "Alipokasirika alikuwa akisema, mimi si mtu wa kuokotwa, wazee wangu walisoma Nasiki. Sisi tukidhani ni jina la shule hapahapa Mombasa. Sikuliandika kwenye insha kwa kuwa sikujua ni nini." Akaniuliza kama jina la mzee wake linaweza kupatikana mahali. Nilimwambia kwamba wamishonari waliandika mengi, na kwamba huenda limo, huenda halimo. "Basi," akasema, "binti yangu yuko kidato cha pili. Nitampa daftari aliandike la babu, la baba, na langu. Tuanzie hapo."

Walimu wenzangu, mtu huyu muuza vitunguu amenifundisha ufundishaji. Tusiwape watoto kichwa cha insha kinachochukulia kwamba kila mmoja wao ana kijiji cha mababu na ngoma ya jando. Wako wa Frere Town, wako wa Rabai, wako waliozaliwa mjini kwa wazazi wa makabila mawili, wako waliolelewa na bibi asiyependa kusema. Tuwaulize kwanza: nani alikulea, na yeye alilelewa na nani? Tuwape muda wa kwenda kuuliza nyumbani. Na anayerudi na sentensi nne tusimwambie kwamba hajajibu swali. Tumwulize sentensi ya tano.

Nanyi wanafunzi, mnaposhuka Kengeleni, simameni dakika moja. Kengele ile ipo, na kanisa la Emmanuel lipo, na wazee wenye kumbukumbu bado wapo, ingawa si wengi. Hatuna makuhani wa kututunzia nasaba kama walivyo nao watu wa Nashik. Lakini daftari ni bei rahisi, na kalamu mnayo. Mimi yangu nyekundu nimeiweka kando; siku hizi natumia ya bluu.